Mhusika anatembea mwenyewe, kamera inazunguka, kitufe hakijibu: jinsi ya kujua shida iko wapi

Malalamiko ya kontrola kwenye gemu za ekshen, zile za kukimbia, kupanda kuta, kukwepa mapanga na kutafuta njia ya kutokea, yanafanana sana. Mtu anasema padi imekufa, ukimuuliza maswali mawili matatu unakuta padi ni nzima kabisa, shida ni setingi moja iliyojificha kwenye menyu, au gemu ndo ilivyotengenezwa na hakuna aliyemwambia. Na kinyume chake kipo pia, mtu anahangaika na setingi wiki nzima kumbe kuna kipande kidogo ndani ya stiki kimeshalika na hakuna setingi itakayokirudisha. Kwahiyo nimeenda dalili kwa dalili, kila moja inaanza na sababu inayotokea mara nyingi na kitu cha kuangalia bila kufungua skrubu hata moja, halafu ndo tunashuka chini zaidi.

Kabla ya yote elewa kitu hiki. Ukibonyeza kitufe, amri yako inapita sehemu tano kabla hujaona kitu: kontrola yenyewe, waya au Bluetooth, mfumo wa konsoli au kompyuta, gemu, na mwisho TV au skrini. Kila sehemu inaweza kuharibu, na kila moja inaharibu kwa namna yake. Kwahiyo jaribu gemu nyingine kwa kontrola ileile, kisha chomeka waya kama ulikuwa unatumia Bluetooth, kisha azima kontrola nyingine. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na tatizo likaondoka hutajua kilichokuponya, na likirudi unaanza upya.

Kwenye Windows kuna kifaa kipo tayari na watu wengi hawakijui. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua kontrola yako kisha fungua sifa zake. Utaona kiboksi chenye alama ndogo ya kujumlisha inayofuata stiki, na namba za vitufe zinazowaka ukibonyeza. Hapo gemu haihusiki kabisa. Kitu kikiharibika hapo, tatizo liko kwenye kontrola, muunganisho au mfumo. Kikiwa sawa hapo halafu kikaharibika ndani ya gemu, usiguse kontrola, nenda kwenye setingi.

Mhusika anatembea mwenyewe, au kamera inateleza polepole hujagusa kitu

Hii ndo namba moja, wengi wanaiita drifti. Ila usikimbilie kusema ni drifti kabla hujaangalia mambo haya.

Kwanza angalia kama ni kamera yenyewe ya gemu. Gemu nyingi zina kamera inayojirudisha nyuma ya mhusika anapotembea, inainama kwenye mteremko, inajigeuza ukiingia korido nyembamba. Simamisha mhusika sehemu ya wazi, weka kontrola mezani, toa mikono, subiri. Kamera ikitulia, na ikianza kusogea pale tu mhusika anapotembea, hiyo ni setingi ya kamera ya kujifuata, izime na maisha yaendelee. Ikisogea hata mhusika akiwa amesimama, hapo endelea kusoma.

Angalia pia kasi yake. Drifti ya kweli mara nyingi huanza polepole, inaelekea upande mmoja, inakuja na kuondoka. Kama uko kwenye kompyuta na kamera inazunguka kwa kasi kubwa kama mtu ameshikilia stiki mpaka mwisho, angalia kuna nini kingine kimechomekwa: usukani wa gemu za magari, stiki ya ndege, au programu inayotengeneza kontrola ya bandia. Gemu inasoma kifaa hicho kama kontrola na inapokea mkao wake kama amri. Chomoa kila kitu, acha kontrola moja, washa gemu upya.

Sababu inayofuata ni mkao wa mwanzo. Baadhi ya kontrola zinasoma katikati ya stiki pale zinapowaka, kwahiyo ukiiwasha kidole kikiwa kimeegemea stiki, inaamini kule ulikoegemea ndo katikati. Zima, iache mezani, iwashe bila kugusa stiki. Sekunde kumi tu.

Halafu dedizoni. Hii ni kale kaeneo kadogo katikati ya stiki ambako gemu inapuuza mwendo wowote, kwa sababu hakuna stiki inayorudi katikati kamili kila mara, hata mpya. Kikiwekwa kidogo mno, tofauti ndogo ya kawaida inaonekana kama drifti. Kiongeze kidogo kidogo mpaka mhusika atulie, ukifika hapo simama. Usikijaze. Kwenye gemu za aina hii stiki ina viwango: ukiisukuma kidogo mhusika ananyata, ukiisukuma yote anakimbia, na dedizoni kubwa inakula ile sehemu ya kunyata, unajikuta huwezi kumsogelea mlinzi kwa nyuma bila kusikika. Ukishaona umelazimika kuziba kama robo ya mwendo wa stiki ndo mhusika atulie, dedizoni haitibu tena, inaficha ugonjwa tu.

Baada ya hapo ni uchafu. Zima kontrola kabisa, inamisha stiki upande mmoja, puliza hewa ya kopo kuzunguka shina lake huku ukiizungusha. Isipotosha, tone moja au mawili ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu kwenye shina, zungusha stiki mara nyingi, acha ikauke vizuri ndo uwashe. Usitumie mafuta ya kulainisha ya kawaida wala maji. Na ujue kwamba nafuu ya hivi inaweza kuwa ya muda tu, ikirudi baada ya siku chache basi si uchafu.

Sasa sababu ya ndani kabisa. Chini ya kila stiki ya kawaida kuna potenshomita mbili, yani vipimaji vidogo vya mkao, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Ndani yake kuna kidole kidogo cha chuma kinachosuguana na njia ya kaboni, na mahali kilipo ndo panaamua volti inayosomwa. Sasa fikiria gemu ambayo muda wote unasukuma stiki ya kushoto mbele ili ukimbie, masaa kwa masaa, njia ya kaboni inalika na unga wake unabaki humohumo. Rudi kwenye joy.cpl uangalie ile alama ukiwa umeachia stiki. Ikiwa imetulia ila pembeni ya katikati, kuna uwezekano ni kalibresheni, yani vipimo vya katikati vimekaa vibaya, au springi imechoka. Ikiwa inatetemeka, inaruka huku na huku yenyewe bila kuguswa, hiyo ni njia ya kaboni, na dawa yake ni kubadilisha moduli nzima ya stiki.

Moduli za aina ya Hall zinasoma stiki kwa sumaku, hakuna kinachosuguana, kwahiyo haziliki hapo. Na si teknolojia ya jana, Sega waliiweka kwenye kontrola ya Dreamcast iliyotoka 1998. Ukiwa unanunua kontrola mpya kwa ajili ya gemu ndefu za aina hii, ningeuliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Simama hapa kama hujawahi kulehemu. Moduli ya kawaida kwenye kontrola za PS4 na PS5 imeshikwa na pini 14, na kuzitoa bila kung'oa njia za bodi kunahitaji mkono uliozoea. Kama garantii bado ipo, usifungue hata skrubu moja, irudishe.

Kamera inaenda kinyume, au inakimbia mno

Fupi hii. Nenda kwenye setingi za kamera, tafuta palipoandikwa Invert Y kwa juu na chini, Invert X kwa kulia na kushoto. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine, ni mazoea ya kichwa chako. Ila angalia, gemu nyingi zina setingi tatu tofauti: kamera ya kawaida, kamera ya kulenga kwa mshale au bunduki, na ya kuendesha chombo au kuruka. Unageuza moja unadhani umemaliza, ukichomoa upinde kila kitu kinapinduka tena. Geuza zote.

Kuhusu kasi, shusha kwanza ile namba ya sensitiviti, kisha tafuta kama kuna aksilaresheni ya kamera uizime. Aksilaresheni inafanya kamera ianze polepole halafu ipae ukishikilia stiki, na ndo inayowafanya watu waseme wanalenga vizuri mara ya kwanza halafu wanapitiliza.

Mhusika anaenda upande ambao sikumwambia

Hapa mara nyingi kontrola haina kosa. Kuna namna mbili kubwa za kutafsiri stiki na gemu inachagua moja. Namna ya kwanza, juu maana yake ni mbele ya mhusika popote anapoangalia, na kulia na kushoto vinamgeuza palepale, kama kifaru cha vita. Tomb Raider na Resident Evil, zote za 1996, zilikuwa hivi. Namna ya pili, juu maana yake ni kuelekea kule kamera inakoangalia, ukivuta chini mhusika anakugeukia na kukufuata. Super Mario 64 ya mwaka huohuo ilitembea hivi, ikiwa na stiki ya analogi, na leo gemu karibu zote zimefuata njia hiyo. Ukitoka gemu mpya ukaenda kucheza ya zamani, vidole vinagoma. Matoleo mapya ya gemu za zamani mara nyingi yanakupa uchaguzi kwenye menyu ya kontrol, uangalie kabla hujakata tamaa.

Tatizo lenyewe lenye kuumiza ni pale kamera inaporuka. Unakimbia kwenye korido, kamera inakata kwenda kona nyingine, na ghafla mhusika anageuka anarudi kwa adui aliyekuwa anamkimbia. Gemu nyingi zimelifikiria hili, zinaendelea kuheshimu mwelekeo wa zamani mpaka uachie stiki. Kwahiyo kamera ikikata, usirekebishe stiki, ishikilie ilivyo, pita mlango, ndo uachie na uanze upya. Ukijaribu kurekebisha katikati ndo unajiharibia.

Kwenye kupanda kuta, mwelekeo unahesabiwa kwa ukuta au kwa kamera kutegemea na gemu. Kama unaruka pembeni badala ya nyuma, geuza kwanza kamera iangalie ukuta uso kwa uso, elekeza stiki, subiri mhusika ageuze kichwa au anyooshe mkono, halafu ndo uruke. Ule mkono ni gemu inakuambia imeelewa. Wengi wanabonyeza kuruka na kuelekeza stiki kwa wakati mmoja, gemu inasoma kuruka kwanza, mhusika anakufa, lawama kwa padi.

Nabonyeza, anachelewa au hajibu kabisa

Hii inahitaji utulivu maana kuna mambo manne matano yanafanana kwa nje.

La kwanza ni gemu yenyewe. Kwenye gemu nyingi za upanga ukishaanza pigo huwezi kulikatisha, lazima liishe, na ukibonyeza kukwepa wakati huo amri haipotei, inawekwa kwenye foleni na kutekelezwa pigo likiisha. Kwahiyo unabonyeza kukwepa mara tatu kwa hofu, mhusika anamaliza pigo, anakwepa, halafu anakwepa tena wakati hukutaka, anaangukia shimoni. Kontrola imefanya ulichoiambia, tena kila kitu. Dawa ni kubonyeza mara moja na kungoja.

Kuna kingine kinachowasumbua sana wanaoanza. Kwenye Dark Souls na Elden Ring, kukwepa na kukimbia viko kwenye kitufe kimoja: ukigusa unakwepa, ukishikilia unakimbia. Sasa gemu itajuaje unataka kipi? Inangoja uachie. Yani kukwepa kunatokea unapoachia kitufe, si unapokibonyeza, kwahiyo mtu anayekandamiza kwa nguvu na kukishika kidogo kwa wasiwasi, kila mara anachelewa. Gusa na uachie harakaharaka. Kanuni hii ni ya popote kitufe kimoja kinapobeba kugusa na kushikilia, na kama gemu inakuruhusu kuvitenganisha kwenye menyu ya vitufe, vitenganishe.

Pima hivi: simama sehemu isiyo na adui, mhusika akiwa ametulia kabisa, bonyeza pigo jepesi. Likitoka papo hapo, mfumo wako ni mzima na ucheleweshaji unaouona vitani ni wa gemu. Likichelewa hata hapo, endelea.

La pili ni TV. TV inachakata picha kuipendezesha kabla ya kuionyesha, na muda huo ndo unauona kama uzito wa kontrola. Washa Game Mode kwenye TV. Sio kwenye konsoli, kwenye TV, na kwenye TV nyingi inahifadhiwa kwa kila tundu la HDMI peke yake, ukihamisha waya unaanza upya. Zima pia ile ya kulainisha mwendo.

La tatu ni fremu. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, kila picha inakaa kama milisekunde 16.7, ikienda 30 inakaa 33.3, na amri yako inangoja picha inayofuata. Gemu ikikupa uchaguzi kati ya ubora wa picha na kasi, kwa gemu za kukwepa chagua kasi. Kwenye kompyuta V-Sync, setingi inayolinganisha picha za gemu na skrini, inaongeza ucheleweshaji, jaribu kuizima uone, picha ikianza kukatika vipandevipande pima mwenyewe unachoweza kuvumilia.

La nne, Bluetooth. Inatumia mawimbi ya 2.4 GHz pamoja na Wi-Fi nyingi, na matundu ya USB 3.0 na nyaya zake yanatoa kelele kwenye masafa hayohayo. Ukiwa na kadongo kako ka Bluetooth, kale kapokezi kadogo ka USB, kamechomekwa nyuma ya kompyuta pembeni ya hadidiski ya USB 3.0, kasogeze mbali kwa waya mfupi wa kuongezea. Dalili ya mawimbi ni kwamba kitu kinakatika kwa vipindi, mhusika anaendelea kukimbia hata umeachia stiki, halafu anarudi. Ucheleweshaji wa TV hauko hivyo, wenyewe ni uleule kila mara. Na chaji, betri ikiwa karibu kuisha baadhi ya kontrola zinaanza kukatika kabla hazijakuambia.

Ukitaka ushahidi badala ya hisia, chukua simu inayorekodi slo mosheni ya fremu 240, rekodi kidole chako na skrini kwenye picha moja, bonyeza kuruka mara kadhaa. Kisha isogeze video fremu moja moja, hesabu kuanzia kitufe kinapogota chini mpaka mguu wa mhusika unapoanza kujikunja. Kila fremu ni kama milisekunde 4. Fanya na Game Mode ikiwa imezimwa, fanya ikiwa imewashwa, tofauti utaiona kwa macho yako na hutabishana na mtu tena.

Nikibonyeza mara moja inafanya mara mbili

Kwenye kompyuta, karibu kila nikiona hii kwenye menyu, unashuka mstari mmoja inashuka miwili, ni kontrola moja inayosomwa mara mbili. Gemu inaisoma moja kwa moja, na hapohapo Steam au programu nyingine ya kutafsiri vitufe inaigeuza kuwa kontrola ya pili ya bandia. Chagua mmoja. Ama zima Steam Input, kitafsiri vitufe cha Steam, kwa gemu hiyo kwenye sifa zake, ama iache na ufunge programu nyingine zote za kutafsiri. Ukiwa unatumia DS4Windows, programu ya kutafsiri vitufe, na kontrola ya PlayStation, inabidi kontrola halisi ifichwe ili gemu ione ile ya bandia tu, na programu ya HidHide ipo kwa kazi hiyo.

Kama ni ndani ya mchezo na si kwenye menyu, angalia kama kitufe kimepewa kazi zaidi ya moja. Kuokota, kufungua mlango, kuongea na mtu na kuchomoa silaha mara nyingi viko pamoja na gemu inachagua kwa kuangalia ulipo. Sogea hatua moja, geuza kamera kwenye kitu chenyewe, ngoja maandishi yabadilike kwenye skrini ndo ubonyeze.

Kikifanya hivyo kwenye kila gemu na kila kifaa, basi ni kitufe. Chini yake kuna mpira wenye kaboni, ukinywa kinywaji chenye sukari na kikamwagika unanata. Alkoholi ileile, pamba ya masikio pembezoni, kontrola ikiwa imezimwa.

Alama kwenye skrini si za kontrola yangu, au kukubali na kukataa vimebadilishana

Gemu inaonyesha A, B, X, Y na wewe umeshika ya PlayStation? Haijaharibika kitu, kompyuta inaitambulisha kwa gemu kama ya Xbox. Gemu nyingi zina sehemu ya kuchagua alama kwenye setingi za kontrol.

Kubadilishana nako kuna historia. Nintendo wanaweka A upande wa kulia na B chini, Xbox wameweka A chini na B kulia, kwahiyo kontrola ya Nintendo kwenye kompyuta inachanganya, na Steam ina setingi ya kufuata mpangilio wa Nintendo. Kwenye gemu za PlayStation zilizotoka Japani, duara ndo lilikuwa kukubali na msalaba kukataa, mpaka PS5 ya 2020 ilipofanya msalaba kuwa kukubali kila mahali. Ukicheza toleo la Kijapani la zamani, ndo maana.

Nikimfunga adui kamera inarukia mwingine, au inaachia

Kumfunga adui kamera na mwili vimwelekee kulipata umaarufu na Ocarina of Time, gemu ya Zelda ya 1998, iliyotumia kitufe cha Z, na mpaka leo mapigano mengi yanategemea hiyo. Ikiachia, angalia kwanza kama gemu imewekwa kwenye kushikilia badala ya kubonyeza mara moja, hiyo ndo sababu ya kawaida. Pili ni umbali au nguzo kati yenu, gemu inaachia ikiacha kumuona kwa muda. Adui mkubwa anayeruka juu nae anaivuta kamera mpaka haioni kitu, hapo ni bora uachie mwenyewe uzungushe kwa mkono, usishindane nayo.

Ikirukia adui mwingine bila ruhusa, kumbuka kwamba kwenye gemu nyingi stiki ya kulia ndo inayobadilisha shabaha. Drifti ndogo ambayo hata huioni ukitembea inatosha kurusha shabaha vitani. Ongeza dedizoni ya stiki ya kulia peke yake kama gemu inaruhusu. Na ukiona kufunga kunagoma mara moja moja, jaribu R3 kwenye joy.cpl, maana hicho ni kitufe kilicho chini ya stiki ya kulia na kinachoka mapema kwa sababu watu wanakikandamiza kwa hasira. Kihamishie kazi yake kwenye kitufe kingine, bure na haraka kuliko kukitengeneza.

Kibodi na mausi

Ukishika W na Shift halafu ukibonyeza Space mhusika haruki? Kibodi nyingi za kawaida haziwezi kusoma baadhi ya vitufe vitatu kwa pamoja, nyaya zake zimepangwa kwa safu na mchanganyiko fulani unazuiwa. Hamishia kukimbia au kuruka kwenye kitufe kingine, hata cha pembeni ya mausi. Ujumbe ukitokea katikati ya pambano na gemu ikashuka chini, umebonyeza Shift mara tano na Windows imeita Sticky Keys, huduma ya kubonyeza vitufe kimoja kimoja badala ya kwa pamoja, zima njia hiyo ya mkato kwenye setingi za ufikivu. W, A, S, D zikihama kwenda kwenye mishale, baadhi ya kibodi zinabadilisha kwa Fn na W. Mausi ikibofya mara mbili yenyewe, swichi yake imechoka.

Kwenye simu

Stiki ya kwenye skrini inahama au inaachia katikati ya kukimbia: futa jasho la vidole na skrini, toa kava linalokanyaga ukingo, zima ishara za mfumo za kutelezesha kutoka pembeni wakati wa gemu. Miguso ikitokea yenyewe unapochaji, chomoa chaja, ikiisha shida ni chaja, usiendelee kuitumia.

Haiunganishi au haiwaki

Anza na waya. Kuna nyaya za USB zinazobeba umeme tu, data hapana, kontrola inachaji vizuri na kompyuta haioni kitu. Jaribu waya unaojua unahamisha faili. Kisha angalia kama imejiunganisha na simu au konsoli nyingine iliyo karibu. Kontrola za PS4 na PS5 zina katundu kadogo nyuma, zima konsoli, ingiza kipini taratibu kwa sekunde tano, kisha iunganishe upya kwa waya. Kama kuna apdeti ya programu ya kontrola, ifanye kwa waya na usiichomoe katikati.

Hapa weka bisibisi chini

Mwili wa kontrola ukiwa umetanuka, mshono umefunguka, au inapata joto bila kutumika, betri ya lithiamu imevimba. Usichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na ipeleke kwa mtu wa betri. Harufu ya kuungua ni vilevile. Ikiingia maji, izime, chomoa waya, usiiwashe kuona kama bado nzima, kwa sababu kuwasha ndo kunakoua bodi.

Na vidole vyako navyo. Gumba likiuma, mkono ukifa ganzi au kuwashwa usiku, pumzika, badili kubonyeza harakaharaka kuwe kushikilia kwenye setingi za ufikivu, gemu nyingi za sasa zina hiyo. Maumivu yasipoondoka, nenda kwa daktari usisubiri umalize gemu kwanza.

Ukimpelekea fundi, mwambie dalili na ulichokwisha kujaribu, mwonyeshe ile alama inayotetemeka kama umeirekodi. Muulize mambo mawili kabla hajafungua: anaweka moduli ya aina gani, na je atafanya kalibresheni baada ya kuiweka. La pili ni muhimu, maana kontrola za PS4 na PS5 zinahifadhi ndani yake vipimo vya stiki ya zamani, ukiweka mpya bila kupima upya inaweza kukaa pembeni ya katikati na wewe utaondoka ukiamini umepewa moduli mbovu. Ijaribu palepale kwake, achia stiki mara nyingi kutoka kila upande, kabla hujalipa.